Nukta Isiyosemwa

Lavonne Kratochvil aliwapikia watoto wa shule ya mji wetu, Almeda, kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka hiyo yote simkumbuki mtoto aliyelalamika isipokuwa wangu, ambaye hata malaika angempikia angetafuta kasoro. Ijumaa ilikuwa siku ya maharage ya nyama yenye pilipili na mikate ya mdalasini. Sisi watu wazima tulitafuta visingizio vya kwenda shuleni siku hiyo. Mimi nilikwenda kutengeneza kengele ya shule mara kumi na moja, na kengele yenyewe ilikuwa nzima.

"Verl," aliniambia mara ya kumi na moja, mikono kiunoni, "hiyo kengele ina ugonjwa gani unaoamka Ijumaa tu?"

"Ni nyaya, shemeji. Zikinusa mdalasini zinalegea."

"Kinacholegea ni taya lako. Chukua sahani ukae kule na watoto, na usiwafundishe matusi."

Ndivyo alivyokuwa. Mfupi, mnene kiasi, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba, ulimi mwepesi na mkono mwepesi zaidi wa kukuongezea chakula. Alikuwa mke wa Orin, rafiki yangu tangu tukiwa darasa moja la watoto kumi na wanne. Orin aliendesha lori la chama cha ushirika, akipeleka chakula cha ng'ombe kwenye ranchi za vilimani. Vilima vyetu ni mchanga uliofunikwa na majani, kimoja kimefanana na kingine, na ukishashuka katikati yake simu haishiki. Mtu akikwama huko, amekwama na Mungu wake.

Orin na mimi tulikuwa watu wa redio ya ridhaa, wale wanaofanya mtihani wa serikali, wanapewa jina la hewani, kisha wanatumia fedha za mboga kununua antena. Mimi nilikuwa mwenyekiti wa chama chetu cha redio kwa miaka kumi na tisa. Sisemi hivyo kwa kujisifu; mtaona wenyewe hapana cha kujisifia.

Lavonne hakuipenda redio. Alichokuwa nacho ni wasiwasi. Orin akichelewa saa moja, simu yangu ililia. Akichelewa saa mbili, Lavonne mwenyewe alikuwa mlangoni kwangu na koti amelivaa ndani nje. Mwishowe nikasema yatosha. Nikaunda kijisanduku, nikakifunga chini ya kiti cha lori na antena yake juu ya paa. Kila dakika mbili kijisanduku kilisoma kilipo kwa satelaiti, kikatangaza hewani; hakikuwa cha kuongelea. Mtambo wetu juu ya mnara wa maji ulipokea tangazo hilo na kulirusha tena. Na jikoni kwa Lavonne, kwenye kompyuta kuukuu niliyoiunganisha na redio, kikatokea kilori cha bluu juu ya ramani, kikitembea.

Alikipenda kilori kile kupita kiasi. Alikuwa akikanda unga huku jicho moja likiwa kwenye ramani. Siku moja nilikuwapo Orin aliporudi, amechoka, anavua buti.

"Pai ilikuwa ya nini?" Lavonne akamuuliza bila kugeuka.

"Pai gani?"

"Ya kwa akina Pospisil. Ya dakika arobaini. Chakula cha ng'ombe hakishushwi dakika arobaini."

Orin akanitazama. "Verl, rafiki yangu, umenifunga kengele kama ng'ombe."

"Ya tufaha au ya cheri?" mkewe akashikilia.

"Ya cheri," Orin akakiri, na tukacheka wote watatu mpaka kahawa ikamwagika. Nayakumbuka maneno hayo kuliko hotuba zote nilizowahi kusikia.

Sasa nifike kwenye kosa. Ramani ya kompyuta ile ilikuwa ya barabara kubwa tu. Njia za ranchi hazikuwemo. Nikamwambia Lavonne kwamba kukitokea shida, picha ya kilori haitamsaidia mtu yeyote. Kitakachosaidia ni ule mstari wa tarakimu unaojitokeza chini ukibonyeza kilori. Tarakimu za kaskazini, tarakimu za magharibi. Nikamketisha, nikamfundisha kuusoma kama sisi tunavyousoma hewani, moja moja, kwa sauti ya kawaida, bila mapambo.

"Hapa kuna nukta," akasema, akiigusa kwenye kioo kwa ncha ya kisu cha kumenyea viazi. "Niseme nini nikifika hapa?"

"Usiseme kitu. Nukta haisemwi. Kila mtu anajua ilipo."

Nikamwandikia kadi kwa herufi kubwa: SOMA TARAKIMU MOJA MOJA. USIONGEZE NENO. Akaibandika kwenye friji.

Kila mtu anajua ilipo. Nilimaanisha kila mtu wa redio. Sisi tumeuona mstari ule mara elfu, nukta yake haihami, kwa hiyo tulishaacha kuitamka miaka mingi. Tunaona tunaokoa muda wa hewani. Ni maringo tu. Watu wa kila kazi wana maneno wasiyoyasema kwa sababu wao wanaelewana, na anayeumia ni mgeni aliyesimama mlangoni.

Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa Aprili, wakati ndama wanazaliwa na kila mwenye ranchi anataka chakula kwa ng'ombe wake jana. Asubuhi ilinyesha mvua. Kufika saa sita mchana mvua ikageuka theluji, na upepo ukaanza kuisukuma kwa ubavu mpaka sikuona tena ghala langu lililo hatua ishirini kutoka dirishani. Umeme ukakatika kwangu. Mlango wa mbele ukazibwa na theluji hadi kwenye kitasa. Simu tu ndiyo iliyobaki nzima, na saa tisa na robo ikalia.

"Verl, kilori kimesimama."

"Kimesimama wapi?"

"Pasipo na kitu. Hakuna nyumba, hakuna barabara. Dakika ishirini na tano sasa. Hapo hapana pai, Verl."

Nilisikia jinsi anavyopumua. Nikamwambia Orin ni mtu mzima, ana blanketi, ana chupa ya kahawa, atakaa ndani ya lori na kungoja. Hayo yote yalikuwa kweli.

"Mpigie sherifu," nikasema. "Kadi iko wapi?"

"Iko mbele yangu."

"Basi soma kama kadi inavyosema. Usiongeze neno."

Nililisema mara ya pili, kwa kinywa changu, siku ile ile.

Aliyepokea simu ofisini kwa sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti yetu, alikuwa naibu wake, Trent Wobig, kijana wa miaka ishirini na saba, mwenye adabu, aliyekula mikate ya Lavonne tangu darasa la kwanza. Lavonne akasoma tarakimu mara mbili. Trent akazirudia zote, na kwa kila moja Lavonne akajibu ndiyo. Kisha Trent akapanda greda la theluji pamoja na dereva wa kaunti, wakatambaa kwenda vilimani mwendo ambao mtu angewapita kwa miguu. Walifika mahali pao saa kumi na moja. Walijifunga kamba kiunoni, wakaifunga kwenye greda, wakazunguka wakipapasa theluji kwa fito. Walipiga honi. Walizunguka tena. Giza lilipoingia na greda lenyewe likaanza kufukiwa, dereva akasema wakibaki watatafutwa wao. Wakarudi.

Lavonne alinipigia baadaye kidogo. "Wamefika pale pale, hawakuona kitu. Lakini mimi namwona, Verl. Namwona hapa."

"Nisomee tarakimu."

Akanisomea. Kichwani mwangu nikaziweka mahali pake, na nukta yake, kama kawaida. "Ni sawa," nikasema. "Basi ni theluji tu. Walikuwa juu yake na hawakumwona. Asubuhi watamwona."

Sikumuuliza Trent ameandika nini. Simu ilikuwa mkononi mwangu na namba ya ofisi nilikuwa naijua kwa moyo. Sikuuliza kwa kuwa haikunijia kabisa kwamba kuna binadamu anayeweza kuisoma ile namba kwa namna nyingine.

Usiku kucha alikaa mbele ya kile kioo. Betri za lori lile ni kubwa na kijisanduku hula kidogo, kwa hiyo kila dakika mbili kilitangaza kwamba kipo, na kilori cha bluu kikawaka. Asubuhi upepo ulipotulia walirudi pale pale na hawakuona kitu tena. Ni mwenye ranchi mmoja, akitafuta ndama wake upande wa pili wa mgongo wa kilima, aliyeona ncha ya antena imechomoza kwenye theluji. Ilikuwa saa nne. Lori lilikuwa karibu nusu maili kusini mwa pale walipopapasa. Theluji ilikuwa imeziba ekzosi, na moshi wa injini ukarudi ndani alikokaa Orin akijipasha joto. Daktari alikadiria kwamba alikata roho mnamo saa mbili usiku. Honi zilipigwa tangu saa kumi na moja. Kama alizisikia, hatutajua.

Tulimzika Jumatatu. Baada ya maziko watu walikusanyika kwenye ukumbi wa kanisa kula nyama baridi na viazi, na Trent akanivuta pembeni, karibu na birika la kahawa. Macho yake yalikuwa mekundu. Akatoa daftari mfukoni.

"Mzee Verl, wewe ndiye mtaalamu. Niambie tulikosea wapi. Aliyonisomea ni haya hapa, na mimi niliyafuata haya haya."

Nikatazama. Alikuwa ameandika kama walivyomfundisha: digrii arobaini na mbili, dakika ishirini, sekunde hamsini na nane. Na alama zake ndogo juu, nadhifu, za digrii na dakika na sekunde. Tarakimu hazikukosewa hata moja. Lakini mstari wetu hauna sekunde. Dakika yetu tunaigawa mara mia, na nukta ndiyo inayosema hivyo. Hamsini na nane yetu ni nusu dakika na ushee kidogo. Hamsini na nane ya sekunde ni karibu dakika nzima. Tofauti yake, ukiilaza juu ya ardhi, ni karibu nusu maili kwenda kaskazini; za magharibi ziliishia sifuri mbili, hazikuhama.

Nililiona mara moja. Mbele yangu Lavonne alikuwa amesimama mlangoni anapeana mikono na watu, na Trent ananitazama, anangoja.

"Theluji, kijana," nikasema nikikoroga kahawa yangu. "Theluji haina ramani."

Maneno mazuri. Yalinitoka kama niliyokuwa nimeyaandaa. Trent akaitikia kwa kichwa akafunga daftari, na mimi nikaenda kumshika Lavonne mkono ashuke ngazi za kanisa. Nimekuwa mwoga mara kadhaa maishani, kwa mbwa, kwa daktari wa meno, kwa mama mkwe. Sijawahi kuwa mwoga kama siku ile.

Wiki mbili baadaye kaunti ilimwandikia barua ya rambirambi yenye maelezo. Ilisema mahali palipotolewa palipishana na gari kwa karibu nusu maili. Lavonne akanionyesha, akiwa ameweka kidole juu ya neno moja.

"Palipotolewa. Aliyetoa ni nani, Verl? Mimi."

"Shemeji, usianze."

"Niliona nane labda ilikuwa tatu. Miwani yangu ilikuwa na unga. Nilikuwa nakanda, nikaishika kwa mikono ya unga."

Hapo ndipo ningesema. Nikamwambia asijitese.

Alinunua miwani mpya, halafu mingine, halafu mingine. Daktari wa macho alimwambia macho yake ni mazima kwa umri wake, hakumwamini. Akaanza kuogopa tarakimu. Dukani alimwomba muuzaji amsomee bei. Binti yake, Janelle, aliyeko Lincoln, ndiye aliyempigia simu kila mara, kwa sababu mama hakuthubutu kubonyeza namba. Jikoni mwa shule aliwaita watoto wamsomee vikombe vya unga na vijiko vya chumvi, kisha akawaita wengine wahakikishe. Ijumaa moja mikate ya mdalasini ilitoka bila sukari. Watoto waliila kimya, wote, bila hata mmoja kunung'unika, na nadhani kimya kile ndicho kilichomvunja. Alivua aproni akaikunja, akaiweka mezani, hakurudi tena.

Mji mzima ulimwambia si kosa lake. Aliniambia kwamba kila anayemwambia si kosa lako anamaanisha ni kosa lako ila tumekusamehe. Alikuwa anajua watu.

Mimi nilikwenda kwake kila Jumamosi. Nilitengeneza mifereji ya paa, nikapasua kuni, nikabadilisha bomba la jikoni. Alinipa kahawa na tukamzungumzia Orin, kwani wengine walikuwa wameshaanza kulikwepa jina lake. Watu walinisifu. Mchungaji alinitaja kanisani, jina langu na la baba yangu. Mficha uchi hazai, husema watu. Mimi niliuficha uchi wangu kwa kuni za watu wengine, karibu miaka mitatu.

Jumamosi moja ya mwezi wa Machi, saa nne asubuhi, nilimkuta ameondoa kila kitu juu ya meza. Palikuwa na kitabu cha mtihani wa redio ya ridhaa, kile cha Orin, na kando yake karatasi moja.

"Nifundishe," akasema. "Nataka leseni."

"Wewe? Ya nini? Ulikuwa unasema redio ni ugonjwa wa wanaume wasio na kazi za nyumbani."

Hakucheka. Akanisogezea ile karatasi. Kompyuta ilikuwa imehifadhi mistari ya siku ile, na Janelle alikuwa amemchapishia mmoja, kwa herufi kubwa kama za gazeti.

"Nataka kujua nilisoma nini," akasema. "Siku ile nilimsomea Trent kitu kingine na hapa pana kitu kingine. Kile nilichosema nimeshakisahau. Nimejaribu kukikumbuka mpaka kichwa kimeuma. Wewe ulinifundisha. Soma hapa, uniulize, tuone ni tarakimu ipi huwa naikosea. Nikiijua, basi. Hata zikiwa zote. Nitajua kwamba nilimuua kwa ipi."

Alisema neno hilo, nilimuua, kama mtu anayetaja siku ya wiki. Nilitazama mikono yake juu ya meza. Ilikuwa imekonda, pete ya ndoa imezungushiwa uzi isidondoke.

"Hukukosea," nikasema.

"Usinionee huruma. Huruma ninayo ghala zima."

"Hukukosea hata moja, Lavonne. Trent aliandika kila tarakimu uliyomsomea, na ni hizi hizi."

"Sasa kwa nini lori..."

"Nukta."

Nikamweleza. Nilimweleza taratibu, kwa kalamu, dakika yetu yenye mafungu mia na dakika ya Trent yenye sekunde sitini, na jinsi namba moja inavyokwenda mahali pawili. Nikamwambia kwamba kama angesema neno moja tu, nukta, Trent angeuliza nukta ya nini, na wangefika. Nikamwambia kwamba yeye aliniuliza aseme nini akifika pale, na mimi ndiye niliyemkataza. Lilikuwa wazo langu na kadi yangu, na siku ile nikalirudia kwenye simu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta, akaivaa, akaisoma karatasi mwenyewe kwa sauti, tarakimu moja moja. Nukta nayo akaitamka. Kisha akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata kaburini. Alisema, "Nilisoma sawa. Orin, nilisoma sawa," na mimi nikakaa pale kama gogo, nikifikiri, mjinga mimi, kwamba lililo gumu limepita.

Alipomaliza akajipangusa uso.

"Daftari la Trent uliliona lini?"

Ningeweza kumdanganya. Nilifikiria, nakiri.

"Siku ya mazishi."

"Kabla ya kunishusha ngazi za kanisa, au baada?"

"Kabla."

Nje mtu alikuwa anapita na trekta. Tukalisikiliza mpaka likaisha.

"Nukta ningekusamehe," akasema. "Ungeniambia siku ile, na uchungu wangu wote ule, ningekusamehe siku hiyo hiyo. Mtu husahau, mtu hudhani. Orin mwenyewe angecheka akuite mjinga. Lakini miaka mitatu, Verl, kila usiku nimemwomba mume wangu msamaha kwa kosa lako. Na Jumamosi unakuja unakunywa kahawa yangu na kunitazama nikifanya hivyo."

"Nilikuwa naogopa."

"Najua. Hata mimi nilikuwa naogopa. Niliogopa mpaka bei ya maziwa." Akainuka, akanifungulia mlango. "Mwambie Trent. Leo, kabla hujala. Na Jumamosi usije."

Nilikwenda moja kwa moja. Trent alikuwa anaosha gari la kaunti, mikono ya shati imekunjwa. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama kwenye maji ya sabuni. Alizima bomba. Akaniambia mkewe huwa anamwamsha usiku kwa sababu mkono wake unatafuta honi ukutani. Halafu akasema, "Asante kwa kuniambia, mzee," kwa adabu ile ile ya siku zote, na akafungua bomba tena. Heri angenitukana.

Jumanne iliyofuata niliwaeleza wanachama wote, nikaachia uenyekiti. Wengine walinipiga mabegani wakisema yeyote angeweza kukosea. Hawakuelewa ni kosa lipi ninalolizungumzia, au walijifanya hawaelewi.

Lavonne alisoma na mke wa Dwaine Jelinek, mwenyekiti mpya. Alifanya mtihani wake mwezi wa Juni, ukumbi wa kanisa, maswali thelathini na tano, na akayapata yote. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, kwani funguo za ukumbi zilikuwa bado kwangu. Watu walipiga makofi. Wanasema dukani sasa anasoma bei mwenyewe, na akiona imezidi anaisoma kwa nguvu ili wengine wasikie. Ninafurahi. Nalisema wazi, ninafurahi, ingawa furaha hiyo hainihusu.

Kabla ya majani kuanguka, chama kilimpa kazi ya kuita orodha. Kila Jumanne saa moja jioni mtu mmoja huita majina yetu hewani, mmoja baada ya mwingine, na kila anayeitwa hujibu kwamba yupo. Hakuna la maana linalosemwa. Mmoja atalalamikia goti, mwingine bei ya ng'ombe. Lakini ndiyo namna yetu ya kujua nani bado yu hai katika vilima hivi, na mtu huwa harukwi. Akiwa mgonjwa huitwa. Akiwa safarini huitwa, kisha kimya chake kinangojwa kidogo. Jina linaloachwa kutajwa ni la marehemu tu.

Jumanne yake ya kwanza nilikaa mbele ya redio mapema, nimeoga, nimechana nywele, kama anayekwenda kuonekana. Sauti yake ilikuwa nzuri, ile ya zamani ya jikoni mwa shule, kavu na yenye uchangamfu. Alimwita Dwaine kwanza, kwa kuwa ni mwenyekiti. Alimwita Gaylen. Alimwita mama Hofstra ambaye hasikii vizuri, akamngoja. Baada ya mwenyekiti orodha yetu hufuata herufi za majina ya ukoo, na baada ya mama Hofstra ni mimi. Alinyamaza, pumzi moja, kama mtu anayevuka kizingiti. Nilikuwa nimeshabonyeza kitufe cha kujibu.

Akamwita Dwight Kolar, ambaye huja baada yangu, na Dwight akajibu kwamba yupo. Nikakiachia kitufe, nikasikiliza mpaka jina la mwisho.